Miungu wa Kujitawaza: Uchambuzi wa Riwaya ya Lord of Light

Utangulizi

Mwanafunzi akisikia bunilizi ya kisayansi huwaza roboti, bunduki za miale na vyombo viendavyo mwezini. Huiweka kando, akaiita burudani ya likizo, kisha akarudi kwenye vitabu "vya maana". Hilo ni kosa. Bunilizi ya kisayansi huuliza maswali yale yale unayokutana nayo katika karatasi ya tatu: nani anatawala, anatawala kwa nini, na anayetawaliwa afanye nini? Tofauti ni kwamba mwandishi huyahamishia maswali hayo mbali ili tuyaone vizuri zaidi. Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Shaaban Robert, katika Kusadikika, aliiweka nchi nzima ikielea angani ili aweze kuzungumza juu ya sheria na dhuluma za hapa chini. Katama Mkangi alimpeleka Dzombo katika sayari nyingine kwenye riwaya ya Walenisi, na ukilitenganisha jina hilo unasoma: wale ni sisi.

Riwaya tunayoichambua hapa, Lord of Light, yaani Bwana wa Nuru, haimo katika orodha yako ya vitabu teule. Tumeichagua kwa sababu inaonyesha waziwazi jambo ambalo watahiniwa wengi hulieleza nusunusu wanapoandika juu ya maudhui ya uongozi: dhalimu haishi kwa mabavu peke yake. Huishi kwa kuwa ameshika kitu ambacho watu hawawezi kukikosa.

Mwandishi

Roger Zelazny alizaliwa mwaka wa 1937 katika jimbo la Ohio, Marekani, na akafariki mwaka wa 1995. Alisomea tamthilia za Kiingereza za enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza na ya mfalme aliyemfuata. Kwa miaka kadhaa alikuwa mfanyakazi wa serikali katika idara ya hifadhi ya jamii, akiandika baada ya saa za kazi. Lord of Light ilichapishwa mwaka wa 1967, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Hugo, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za utanzu huu. Ukiyajua hayo hutashangaa kuona wahusika wakitoa hotuba ndefu kama waigizaji jukwaani, wala kuona mbingu inayoendeshwa kama ofisi, yenye mafaili, vikao na vyeo.

Muhtasari

Chombo kiitwacho Star of India kiliwafikisha binadamu katika sayari ya mbali zamani sana. Dunia tunayoijua sisi haitajwi ila kama kumbukumbu. Mabaharia wa chombo hicho, ambao riwaya inawaita wa Kwanza, walipigana na viumbe waliowakuta huko na kuwashinda. Katika mapambano hayo baadhi yao walikuza nguvu za ajabu za akili, na wakaunda mitambo ya kuziongeza nguvu hizo. Pia waligundua njia ya kuihamisha nafsi ya mtu kutoka mwili uliozeeka hadi mwili mpya. Kwa hiyo hawafi, mradi mitambo iko.

Abiria na vizazi vyao walizaana, wakalima, wakajenga miji. Mabaharia wakajitenga, wakajenga Mji wa Mbinguni, wakajitwalia majina na sura za miungu wa Kihindi: Brahma, Vishnu, Shiva, Agni, Kali. Kila mmoja ana kazi yake. Agni anachoma kwa moto wa kifaa chake, na Yama, ambaye ni fundi mkuu wa silaha, ndiye mungu wa mauti. Watu wa chini wanawasujudia. Wengi hawajui kwamba hao ni watu kama wao, waliowatangulia tu kushika usukani.

Mmoja wa hao wa Kwanza anakataa. Jina lake kamili ni Mahasamatman, lakini yeye hupenda kuitwa Sam. Anavamia kasri wanamotoa miili mipya. Kisha anaanza kuhubiri mafundisho ya Buddha ili kuidhoofisha dini ya miungu hao. Anakamatwa, anauawa na kurudi katika mwili wa mwingine, kisha anaongoza vita katika mji wa Keenset, mahali ambapo watu walikuwa wamethubutu kuanza maendeleo. Anashindwa. Miungu wanaogopa kumuua tena, hivyo wanaitoa nafsi yake mwilini na kuirusha katika ukanda wa mawingu unaoizunguka sayari. Watu wanasema amefika nirvana. Baadaye Yama, ambaye sasa amewaasi wenzake, anamrudisha kwa msaada wa Ratri, mungu wa usiku, na Tak, aliyekuwa mtunza kumbukumbu wa Mbinguni kabla ya kuadhibiwa na kuwekwa katika mwili wa nyani. Vita vya mwisho vinapiganwa, safu za marafiki na maadui zikiwa zimechanganyika kabisa.

Tahadhari kabla ya kuendelea

Riwaya hii haiushambulii Uhindu wala Ubudha. Hizo ni dini za watu halisi, wakiwemo majirani zetu wa Nairobi, Mombasa na Kisumu wanaowasha taa za Diwali kila mwaka. Zelazny hasemi kwamba Brahma wanayemwomba Wahindu ni mwongo. Anasema kwamba mtu fulani mwenye mitambo amelivaa jina la Brahma. Usije ukaandika katika insha yako kwamba "mwandishi anaonyesha ubaya wa dini ya Kihindi". Anayelaumiwa ni mwizi wa joho, si mwenye joho.

Wanatawalaje?

Hapa ndipo penye kiini cha riwaya. Mtahiniwa mvivu ataandika kwamba miungu hao wanatawala kwa sababu wana silaha. Ni kweli wanazo, lakini silaha hutolewa mara chache. Siku hadi siku, utawala wao umesimama juu ya mambo mawili: mwili na maarifa.

Tuanze na mwili. Mtu akizeeka, huenda kwa Mabwana wa Karma aombe mwili mpya. Kabla hajapewa, akili yake huchunguzwa kwa mtambo unaosoma maisha yake yote. Aliyekuwa mtiifu hupata mwili wa kijana mwenye afya. Aliyesema vibaya juu ya miungu huweza kupata mwili mgonjwa, au akajikuta mnyama. Hebu fikiri maana yake. Dini nyingi huahidi malipo baada ya kifo, na hakuna mwanadamu aliyerudi kuyathibitisha. Katika sayari hii malipo yanaonekana kwa macho, kwa kuwa jirani aliyekwenda mzee anarudi kijana. Nani atathubutu kuasi, huku uzee unamkaribia na mtoaji wa ujana ni yule yule anayetaka kumwasi? Miungu hawana haja ya polisi katika kila kijiji. Kila mtu anakuwa polisi wa mawazo yake mwenyewe.

Ibada nayo imegeuzwa biashara. Kuna mashine za sala ambazo muumini hutia sarafu, na sala zake zikahesabiwa kwenye akaunti yake, mithili ya mtu anayeweka akiba kwenye simu. Mwandishi anacheka hapa, na anataka nasi tucheke. Hii ni tashtiti. Hata hivyo, kicheko hicho kina uchungu, maana masikini asiye na sarafu ana sala chache, na mwenye sala chache atapata mwili gani?

Maarifa ndiyo nguzo ya pili. Miungu wana mitambo ya kuvuka anga, lakini mwananchi analima kwa ng'ombe. Mashine ya kupiga chapa imevumbuliwa upya mara kadhaa na watu wa kawaida, na kila mara miungu wameizima. Hata choo cha kuvuta maji kinatazamwa kwa hofu. Mwanafunzi anaweza kuuliza: choo kinamtisha mungu kwa vipi? Jibu ni kwamba si choo chenyewe. Mtu aliyejitengenezea bomba leo atajiuliza kesho kwa nini asitengeneze na taa, na siku atakayoelewa taa ataielewa na radi ya Mbinguni. Muujiza hufa mara tu mtazamaji anapojua waya umepita wapi. Miungu wanajitetea kwamba watu hawajakomaa, kwamba ni watoto ambao wangejiumiza. Linganisha utetezi huu na ule wa watawala wa kikoloni waliosema Mwafrika hajawa tayari kujitawala. Linganisha pia na Kusadikika, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Popote pale, mtawala anayeogopa darasa ana jambo analolificha.

Mbinguni kwenyewe hawakubaliani. Wapo walioshikilia utawala wa miungu udumu, na wapo wanaotaka maendeleo yaharakishwe na kila mtu apewe maarifa. Sam ni wa kundi hili la pili. Tak anaadhibiwa kwa kumuunga mkono.

Sam: shujaa au laghai?

Swali la sifa za mhusika huja karibu kila mwaka, na watahiniwa hulijibu kwa orodha: ni jasiri, ni mwenye busara, ni mzalendo. Kwa Sam orodha ya namna hiyo haitoshi. Ni kweli ni jasiri. Lakini tazama silaha aliyoichagua. Anatambua kwamba hawezi kuishinda Mbingu kwa upanga, kwa hiyo anaishambulia pale ilipo dhaifu, katika mioyo ya waumini. Anavaa joho la mtawa, anajiita kwa jina la Buddha na kuwafundisha watu kwamba tamaa ya kupata mwili mpya ndiyo minyororo yenyewe. Mtu akiacha kutamani mwili mpya, Mabwana wa Karma hawana cha kumnunulia. Ni mbinu ya akili nyingi. Tatizo ni kwamba Sam haamini anayoyahubiri. Ameyakumbuka kutoka Dunia ya zamani, akayachukua kama mtu achukuavyo jembe la jirani.

Basi tuna mwongo anayewapiga vita waongo. Je, anatofautiana nao? Riwaya inajibu kupitia mhusika mdogo ambaye wengi humsahau, Rild.

Rild ni muuaji, mfuasi wa Kali, aliyetumwa kumuua mhubiri huyu mpya. Anaugua njiani, na anaokotwa na kutibiwa na watawa wa yule aliyekuja kumuua. Anapopona anaketi, anasikiliza, ananyamaza. Kisha linatokea jambo ambalo Sam hakulitarajia: Rild anaamini kweli. Mafundisho yaliyotolewa kwa hila yanamwangazia mtu ndani, akawa mtakatifu kumpita mwalimu wake, na watu wakaanza kumfuata yeye. Yama anapokuja, ni Rild anayesimama njiani kumzuia ili mwalimu wake apone, na anauawa. Sam mwenyewe baadaye anakiri mbele ya Yama kwamba wa kweli alikuwa Rild, si yeye.

Dondoa sehemu hii katika jibu lolote linalohusu kinaya, kwani hakuna kinaya kikubwa kuliko hiki katika riwaya nzima. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipimo ambacho mwandishi anakitumia kumtofautisha Sam na Brahma. Wote wawili wamevaa joho lisilo lao. Lakini joho la Brahma linamfanya mfuasi awe mdogo, amhitaji zaidi kila mwaka. Joho la Sam lilimfanya mfuasi akue hadi asimhitaji tena. Na Sam, alipoona mwanafunzi wake amempita, hakumwonea wivu wala kumwangamiza. Mungu gani wa Mbinguni angestahimili hilo?

Mashetani ni nani?

Tanabahi jambo hili, kwa sababu ni rahisi kulipita. Viumbe ambao mabaharia waliwakuta, wanaoitwa Rakasha, hawana miili. Ni nguvu tupu, kama miali. Ndio wenyeji wa sayari. Katika lugha ya riwaya wanaitwa mashetani. Aliyewashinda na kuwafungia chini ya mlima ni Sam mwenyewe, kabla hajawa mwasi. Ndiyo maana mojawapo ya lakabu zake ni Mfungaji.

Kwa hiyo shujaa wetu wa ukombozi alikuwa mkoloni. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa sana juu ya mgeni anayefika, akanyakua nchi, kisha akamwita mwenyeji shetani. Baadaye Sam anahitaji jeshi na anakwenda kuwafungulia. Taraka, kiongozi wao, anamgeuka na kuuingia mwili wake, na Sam anakaa ndani kama mfungwa akitazama mwili wake ukifanya anasa na ukatili. Anaonja alichowaonjesha. Hata hivyo, dhamiri ya Sam inamwambukiza Taraka, na shetani anaanza kuona haya asiyowahi kuiona. Anaiita laana. Wanapoachana, kila mmoja amebeba kitu cha mwenzake. Mwandishi hakuifuata hoja hii ya wenyeji hadi mwisho, na huo ni upungufu. Nchi ilikuwa yao, na hakuna kikao kinachouliza kama watarudishiwa. Una haki ya kulisema hilo katika jibu lako, mradi ulithibitishe.

Mbinu za uandishi

Wasomaji wengi hupotea katika sura ya pili. Riwaya ina sura 7, na ya kwanza inaanza Sam akirudishwa kutoka mawinguni. Sura ya pili hadi ya sita zinarudi nyuma kueleza yaliyotangulia, kisha ya 7 inaendelea pale ya kwanza ilipoishia. Mwandishi hakupi ishara yoyote. Hii ni mbinu rejeshi ya kiwango kikubwa, na faida yake ni kwamba tunaisoma vita ya Keenset tukijua tayari kwamba Sam atashindwa. Taharuki haitokani na kuuliza nani atashinda, bali kushindwa kwake kulileta faida gani. Na faida ipo. Miungu wengi walikufa katika ushindi ule, waliobaki wakadhoofika, na mafundisho ya Ubudha yakaenea hata Mbinguni wakalazimika kuyavumilia.

Lugha inapanda na kushuka. Ukurasa mmoja unasoma kama msahafu wa kale, wa pili mtu anavuta sigara na kutoa mzaha. Majazi na lakabu zimejaa, na jina moja la Sam lisikuchanganye na jingine: Siddhartha, Tathagatha na Kalkin wote ni yeye. Kwa upande wa hatima, mwandishi hafungi mlango. Anatoa masimulizi kadhaa yanayopingana juu ya alikokwenda Sam. Wapo wanaosema hili, wapo wanaosema lile. Hivyo mtu aliyepigana na miungu anaanza naye kugeuzwa hekaya, na msomaji makini ataona hatari iliyomo.

Nje ya kitabu

Riwaya hii ina kisa chake cha ajabu. Miaka ya 1970 kulikuwa na mpango wa kuitengenezea filamu, na mchoraji maarufu wa katuni, Jack Kirby, alichora mandhari yake. Mpango ulikwama. Wakati wa mgogoro wa Iran, shirika la ujasusi la Marekani liliichukua miswada na michoro hiyo, likaipa jina la Argo, na kujifanya kampuni ya filamu inayotafuta mahali pa kupigia picha Tehran. Kwa hila hiyo Wamarekani 6 waliokuwa wamefichwa na maafisa wa ubalozi wa Kanada walitolewa nchini mnamo Januari 1980, wakijifanya watengenezaji filamu. Kitabu kinachohusu joho la uongo lililowafungua watu kikawa chenyewe joho la uongo lililowafungua watu. Mtunzi yeyote angeona haya kubuni sadfa kama hiyo.

Kujibu maswali

Chukua swali hili: "Sam ni mwongo anayewapiga vita waongo." Thibitisha. (alama 20)

Neno "thibitisha" linakutaka ukubali kauli na uiletee ushahidi. Usipoteze muda kuipinga. Anza na uongo wa Sam: kuhubiri asichoamini, kuvaa miili na majina ya wengine, kumhadaa Yama hadi akakanyaga mchanga unaozamisha. Kisha onyesha uongo wa wapinzani wake: vyeo vya kimungu, mashine za sala, hukumu za karma zinazotolewa kisiasa, kuzimwa kwa uvumbuzi. Kila hoja iwe na tukio lake, na tukio liwe na mhusika aliyetajwa kwa jina. Kuandika "miungu walikuwa wabaya" hakukupi alama. Kuandika kwamba Tak aliwekwa katika mwili wa nyani kwa kumuunga mkono Sam kunakupa.

Sasa jaribu haya bila kufungua kurasa za nyuma:

Fafanua jinsi mwandishi anavyoyatumia maudhui ya elimu na ujinga katika riwaya. (alama 10)

Eleza umuhimu wa Rild katika kuijenga dhamira ya mwandishi. (alama 6)

"Kushindwa vitani si kushindwa." Jadili kwa kurejelea vita vya Keenset. (alama 20)

Linganisha utetezi wa miungu kwamba watu hawajakomaa na hoja za kiongozi yeyote katika riwaya teule uliyoisoma. (alama 10)